Tunasali Wageni Wakija

Mama yangu alinunua gauni jeupe la ubatizo binti yangu akiwa bado mdogo sana. Lilining'inia kwenye msumari ndani ya karatasi ya nailoni, likingoja nimalize maswali yangu. Nilirudi Isiolo kutoka chuo kikuu nikiwa na maswali mengi na mtoto mmoja. Kazi ya mkataba katika kaunti ilikuja baadaye, maswali yakabaki. Kwa nini mtu abatizwe kabla hajaulizwa? Mama hakubishana nami. Kila Krismasi alimpima mjukuu wake, akateremsha pindo kidogo, akalirudisha gauni msumarini. Krismasi moja pindo likaisha.

"Ni Pasaka hii," akasema, "ama nimpe mtoto wa mtu mwingine."

Nilikubali kwa ajili yake. Lakini kwetu humpeleki mtoto kanisani hivi hivi. Kuna jumuiya, zile familia za jirani zinazosali pamoja kila wiki, nyumba kwa nyumba. Lazima mwenyekiti wake amwambie padri kwamba nyumba yenu ni ya maombi. Mimi jumuiya ilikuwa imenisahau. Tukaomba sala ya wiki hiyo ifanyiwe kwetu, mtaa wa Bulla Pesa.

Tuliazima viti kwa wapangaji wa ploti nzima. Benchi refu lilitoka kwa jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu. Mama akatandika meza, akaweka msalaba na mshumaa. Mimi kazi yangu ilikuwa mdomo wa binti yangu. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwambia mwenye ploti kwamba kofia yake inafanana na sufuria yetu. Hakuwa na ubaya. Neno likimfikia, linatoka.

"Leo usiseme kitu mpaka uulizwe," nilimwambia.

Sikufikiria kwamba angeulizwa.

Mwenyekiti, mama wa Kimeru anayeuza mboga sokoni, alimaliza rozari, akamgeukia binti yangu. "Na nyinyi hapa nyumbani mnasalinga?"

"Ndiyo, shosho."

Mama yangu akatabasamu.

"Saa ngapi?"

"Wageni wakija."

Mtu akakohoa. Mama akainua macho, akalitazama gauni. Binti yangu angeishia hapo labda tungejitetea, lakini tayari alikuwa ameligonga benchi kwa kiganja. "Mwenye hii benchi ndiye husali hata bila mgeni. Anaosha miguu, anasali. Sisi tukiosha miguu tunalala."

Mabega ya mwenyekiti yakaanza kutikisika. "Na mama yako, huyu wa chuo kikuu?"

"Huyo huuliza Mungu maswali. Bado hajajibiwa."

Nyumba nzima ikacheka, hata mimi. Mama peke yake hakucheka. Mwenyekiti alimwona, akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Sasa nitamwambia padri nini, na huyu ameshasema?" akauliza. Kisha akajijibu mwenyewe: "Nikifunga kibanda jioni nitakuwa napitia hapa, tunasali. Nitakuja mpaka niache kuwa mgeni."

Akaja kweli, akileta sukuma wiki zilizobaki. Nilimuuliza maswali yangu huku tukizikata. Mengine aliyajibu. Mengine aliniambia niongeze chumvi. Siwezi kusema niliamini kuliko zamani, ila nilianza kuangalia saa jioni, na Mama akaacha kumtandikia meza. Siku nyingine tulisali sufuria ikiwa bado jikoni inachemka, mwenyekiti akiwa miguu mitupu kama sisi.

Jioni moja Kwaresima ikielekea kuisha, katikati ya Baba Yetu, binti yangu alifumbua jicho moja, akazungusha shingo chumba kizima.

"Kwani leo tunasalia nini," akauliza, "na hakuna mgeni?"

Mama yangu aliufunika uso kwa mikono. Mwenyekiti alimalizia sala mpaka amina, bila haraka, ndipo akamgusa Mama goti.

"Toa hiyo gauni," akamwambia, "tuone kama bado inamtosha."