Mchanga wa Golini

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, timu ya mtaa wetu wa Ziwani ilinyang'anywa ubingwa wa ligi ya mitaa na timu ya Huruma. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyolisema jambo hilo hadi leo: ilinyang'anywa. Sijawahi kumsikia hata mmoja akitamka kwamba tulishindwa. Lakini mimi nilikuwepo Jumapili ile, nimeketi juu ya matofali nyuma ya goli, na nasema tulishindwa. Tulihitaji sare tu. Tulifunga la kwanza, tukaanza kucheza kwa madaha, Huruma wakasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika chache, mpira mmoja mwepesi, ambao hata mimi ningeudaka, ukapita katikati ya miguu ya kipa wetu.

Uwanja wote ukaanza kutafuta mtu wa kulaumu.

Wasiokulia mitaa ile huenda wasielewe. Kwetu mpira ulikuwa na miiko yake, na sisi watoto tuliijua kabla hatujajua kuzidisha na kugawanya. Siku ya mechi hukatizi mbele ya goli na mzigo kichwani. Timu ngeni haiingii kwa mlango wa uwanja, inaruka ua, maana mlangoni huenda kumefukiwa kitu. Na mwiko mkubwa kuliko yote ulihusu mchanga wa golini. Tuliambiwa kwamba lango lina mdomo, na anayechota mchanga wake amelipata lango lenyewe. Akitaka liwe wazi litakuwa wazi, hata ukimweka kipa wa namna gani. Mimi niliyaamini hayo yote. Watu wazima waliyasema kwa sauti ileile waliyotumia kusema kwamba usipochemsha maji utaumwa na tumbo.

Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na pia katibu wa mashabiki. Baada ya mechi alinishika mkono, tukaenda mpaka kwa kinyozi, mahali mashabiki walipozoea kukutana. Nilikaa chini, mgongo ukutani. Mjadala ulikuwa umeshawaka.

"Refa ndiye alitumaliza," alisema mmoja. "Ile kona haikuwa kona."

"Kona gani? Wacha zako. Kipa alikuwa anaota mchana."

"Mbuzi," alisema kinyozi, bila kuinua macho kutoka kwa kichwa alichokuwa akinyoa. "Jana mliichinjia timu mbuzi wa ubingwa. Nani hula mbuzi wa ubingwa kabla ya ubingwa?"

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli haikumfaa mtu. Kweli nyingine ilikuwa ya mama yangu, ambaye kila alfajiri alipokuwa akienda kiwandani aliwakuta vijana wa Huruma wakikimbia barabarani kwa mstari mmoja, wamelowa jasho. Alikuwa ameisema mara mbili nyumbani. Baba alimwambia mpira hauchezwi barabarani.

Kulikuwa na shabiki mmoja, jina lake la mtaani Kasuku, mwenye sauti ya kuvuka mto. Alikuwa ameegemea mlango, macho mekundu kwa kulia, maana kweli alikuwa amelia. Akasema, "Mimi nawaambia wazi, maze. Ule mpira haukupita. Ulipitishwa."

Watu wakageuka.

"Mtu wetu wa ndani ametuuza," akaendelea. "Huruma hawawezi kufika kwa goli letu bila mtu wa hapa. Lazima kuna mkono wa hapa."

Na mimi, mtoto wa miaka kumi na moja ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, nikasema, "Mimi nilimwona Mama Odera akichota mchanga golini."

Nakumbuka jinsi mashine ya kunyolea ilivyozimwa.

Baba alichuchumaa mbele yangu. "Sema tena, Nafula. Ulimwona lini?"

"Alhamisi asubuhi, nikienda shule. Alikuwa amepiga magoti pale golini. Alichota kwa mkono, akatia kwenye mkebe."

"Una hakika ni yeye?"

"Ni yeye, Baba. Hata nilimwamkia."

Baba alinishika bega mbele ya wanaume wote wale. Hakuwahi kunisikiliza vile kabla ya siku hiyo. Nikajisikia mkubwa, na aibu ya kujisikia vile haijaniisha.

Mama Odera alikuwa mjane, mlango wa sita kutoka kwetu. Aliuza mboga kwa meza ndogo kando ya bomba la maji, na sisi watoto alitukatia vipande vya muwa bila kutuuliza mama zetu ni akina nani. Mumewe, Mzee Odera, ndiye aliyekuwa akiutunza uwanja ule. Alifyeka nyasi, akaziba mashimo, na kila Jumapili alichora mistari kwa chokaa, ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Alikuwa amefariki mapema mwaka uleule, akazikwa kwao Ugenya.

Walienda kwake kama watu thelathini. Mimi nilifuata nyuma, hakuna aliyenizuia. Jua lilikuwa bado kali. Mama Odera alikuwa ameketi mlangoni akikunja nguo na kuzipanga kwenye mfuko wa safari. Alipouona umati akasimama, akajifunga leso vizuri kiunoni. Nafikiri alidhani wamekuja kumwambia kuna msiba.

"Mchanga uko wapi?" Kasuku akauliza.

"Mchanga gani, mwanangu?"

"Usiniite mwanao! Mchanga uliochota golini. Umempelekea nani kule Huruma?"

Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe wa majani ya chai uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Angekuwa na hatia angeuficha. Hata akili yangu ya utoto iliona hivyo.

"Huu hapa," akasema. "Sijampelekea mtu. Huu ni wa mume wangu. Wazee wa kwetu wamesema mwili ulifika nyumbani lakini yeye mwenyewe hakufika. Anawatokea watoto katika ndoto, anauliza njia. Wameniambia nichukue mchanga wa mahali alipoangukia, niupeleke kaburini. Nasafiri kesho."

Mahali alipoangukia. Mzee Odera alianguka golini. Alikuwa akipaka chokaa mstari wa lango Jumapili asubuhi, akashika kifua, akalala chini, na kabla hajafikishwa hospitalini roho ilikuwa imetoka. Kila mtu aliyesimama pale mlangoni alilijua hilo. Waliombeba kutoka uwanjani walikuwepo. Mechi ya siku ile iliahirishwa kwa sababu yake! Mimi nilijua. Nilijua hata Alhamisi ile nilipomwona mkewe amepiga magoti mahali palepale. Kwa kinyozi nilisema nilichokiona. Nilichokijua nilikimeza, kwa sababu nilichokiona ndicho walichotaka kusikia.

"Uongo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Kasuku akaunyakua ule mkebe. Mama Odera hakupigana naye. Alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayeomba arudishiwe mtoto mchanga, akasema kwa upole, "Tafadhali. Tafadhali, usimwage." Kasuku akaumwaga kwenye mtaro wa maji machafu, akautupa na mkebe.

Kisha meza ya mboga ikapinduliwa, na sukuma wiki zikakanyagwa. Mtu fulani akasema kufikia kesho asionekane Ziwani. Baba yangu hakumwaga wala hakupindua kitu. Alisimama, mikono nyuma, kama katibu. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kusema neno moja likasikika, hakusema.

Aliyesema ni Mama. Alikuwa ametoka kwetu mbio kwa zile kelele, mwiko wa ugali bado mkononi, akapita katikati ya wanaume wale mpaka kwa mumewe.

"Baba Nafula, Mzee Odera alipoanguka golini alibebwa na nani?"

Baba akageuka kumtazama Kasuku.

"Nakuuliza! Alibebwa na bega lako. Ulirudi nyumbani na chokaa yake kwenye shati, nikaifua mimi. Leo umekuja kusimama hapa kuangalia akimwagwa kwenye mtaro?" Akawageukia wengine. "Mmefungwa na vijana wanaokimbia alfajiri nyinyi mkiwa mmelala. Hamkuweza kuwazuia wanaume kumi na mmoja, sasa mmeona mjane mmoja mnamweza!"

Walianza kuondoka kwa makundi madogo, wakinung'unika. Hakuna aliyeomba msamaha. Kasuku aliondoka wa mwisho, na nina hakika alilala akiamini ameutendea mtaa wema.

Nilimwambia Mama usiku huo kwamba maneno yalitoka kwangu. Nilitarajia kiboko. Badala yake akasema, "Kesho utaamka na mimi."

Tuliamka kabla ya jua. Mama hakwenda kazini. Tulimkuta Mama Odera amekaa juu ya mfuko wake, amekwisha kufunga safari. Mama akampa mkebe safi, akanisukuma mbele. Nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi niliyesema. Maneno yalinitoka vipande vipande.

"Najua," akasema Mama Odera. "Uliniamkia. Hakuna mwingine aliyepita asubuhi ile."

Hakusema amenisamehe, na mpaka leo sijui kama alinisamehe. Alisimama tu, tukaenda uwanjani sote watatu. Nyasi zilikuwa na umande, na kwenye mstari wa lango kulikuwa bado na alama za viatu vya mechi. Akaonyesha mahali penyewe. Akanipa mkebe niushike, akainama, akachota kwa mkono wa kulia mara moja, akamwita mumewe kwa jina lake la nyumbani. Alizungumza naye kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayemwamsha msafiri aliyelala. Mama, ambaye lugha hiyo aliijua kidogo kwa sababu ya ujirani, alinieleza baadaye. Alikuwa akisema: inuka sasa, tumekaa sana kwa watu, twende kwetu.

Ule mkebe ulikuwa mzito. Najua mchanga wa konzi moja hauna uzito, lakini ulikuwa mzito.

Alisafiri asubuhi hiyo, na hakurudi. Nyumba yake ikapewa watu wengine. Msimu uliofuata Huruma walitufunga manne bila jibu, hapo Ziwani hakuna mjane wala mchanga uliochotwa. Mashabiki wakakutana tena kwa kinyozi. Safari hiyo walisema ni jezi mpya, kwamba rangi yake ilikuwa na mkosi.

Mimi sasa ni mama wa watoto wawili. Nimesoma, nimehama, lakini sijawa mtu wa kuwacheka wanaoamini. Sina dharau kwa wazee wa Ugenya waliosema mtu amebaki uwanjani. Imani yao ilimtuma mjane kwenda kumchukua mumewe kwa upendo. Imani yetu ilitutuma kwenda kumpindulia meza. Zote mbili zilikuwa juu ya mchanga uleule, na watu wakizitia katika kapu moja wakaziita ushirikina, hasira hunipanda upya.

Mwaka huu Huruma wamechukua ubingwa tena. Nilimtembelea Baba, amestaafu, magoti yanamsumbua. Marafiki zake wawili walikuwa wamekuja kumwona, nao walikuwa wakibishana kwa sauti zilezile: mara refa, mara hao vijana wa Huruma wana mtu wao fulani wa kuwatengenezea mambo. Nikasubiri mpaka walipoondoka.

"Baba," nikamwambia, "unamkumbuka Mama Odera?"

Akafikiri. "Yule wa mboga? Alihamia wapi yule mama? Alikuwa mtu mzuri sana."

Nilimtazama usoni, nikitafuta kama anajificha. Hakuwa anajificha. Alikuwa amesahau, hivyo tu, kama mtu anavyosahau mahali alipoacha kofia. Miaka yote ile mimi nilikuwa nimeibeba siku hiyo nikidhani tunaibeba wawili.

Ningeweza kunyamaza. Ni mzee, ni baba yangu, na kwetu mtoto hamfundishi mzazi. Lakini nilikumbuka nilichojifunza nikiwa na miaka kumi na moja, kwamba kusema nusu ya unachokijua ni njia nyingine ya kusema uongo. Nikavuta kiti karibu naye, nikamsimulia yote tangu mwanzo. Nilimwambia sehemu yangu, na sikumpunguzia yake. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, chai yake ilikuwa imepoa. Sikuinuka kumtilia nyingine. Nilikaa pale pale, nikangoja ajibu.