Nilipomnyang'anya Dada Ungo

Wiki iliyopita, katika kituo kimoja cha mafunzo huko Miyuji, nilimwona mwalimu akimngoja kijana mwenye ulemavu wa akili afunge vifungo vya koti lake la kazi. Alingoja muda mrefu bila kumgusa. Nikaona aibu, kwa sababu nilikumbuka mchana mmoja nyumbani Kibakwe.

Dada yangu Mwaja alinizidi umri, lakini alichelewa kujifunza kila kitu. Msimu mzima mama alimfundisha kupepeta maharage. Siku hiyo mwalimu wa kituo cha ufundi alikaa uani kwetu akimtazama, kwa kuwa akimaliza peke yake angepata nafasi ya kwenda kusoma. Makapi yalinukia vumbi na jua, na maharage yalichakacha taratibu kwenye ungo. Machache yakamwagika. Dada akainama, akawa anaokota moja moja.

Mimi niliona anatuaibisha.

"Lete huo ungo, dada. Utamweka mgeni hapa mpaka kesho."

Nikamnyang'anya, nikapepeta haraka hadi mwisho, nikingoja kusifiwa.

"Huwa anamaliziwa hivi, mama?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Huwa anamaliza mwenyewe."

Lakini mwalimu aliandika alichokiona, na nafasi akapewa mtoto mwingine. Leo najua kwamba mwalimu alikuja kuona hasa kule kuokota moja moja.

Mchana ule dada alijipangusa mikono kwenye khanga. "Asante, mdogo wangu," akaniambia, nami nikaipokea shukrani hiyo kwa maringo.