Shikamoo Zote Nchi Kavu

Nilikuwa mwalimu wa jiografia Kahama kabla sijahamia kwenye mashua ya mafunzo, huku upande wa Geita. Kazi yetu ni kushinda ziwani na wanafunzi wiki nzima tukiwafundisha kuendesha mashua kwa tanga. Nahodha, Mzinza mpole asiyerudia neno, alinipa jaribio: siku ya mwisho wanafunzi wairudishe mashua gatini kwa amri zao wenyewe, mimi nikivuta kamba tu bila kusema neno, la sivyo nirudi kwenye chaki zangu. Na chaki nilikuwa nimezichoka.

Sheria ya chombo ni moja. Aliyeshika usukani ndiye anayeamuru, hata awe na miaka kumi na sita.

Binti mmoja wa Ushetu alikuwa na mkono mzuri kuliko wenzake wote, ila alilelewa vizuri mno. Siku ya kwanza, nikiwa kwenye kamba ya tanga, aliachia usukani akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, naomba uvute kamba."

Mpaka naitikia marahaba, tanga limelegea na mashua inaelea ovyo kama gunzi. Nahodha akatazama pembeni. Nilikasirika, lakini ningemkaripia kwa lipi? Kahama nzima inajua nilivyokuwa nawaka mwanafunzi akinipita bila salamu.

Nikaamua heshima tuimalizie ufukweni. Kila asubuhi walituamkia mchangani, tukaitikia marahaba ya siku nzima. Mashuani, marufuku. Walicheka sana, ila yule binti aliendelea kuninong'oneza maagizo utadhani anaomba chumvi kwa jirani.

Siku ya mwisho upepo ukageuka ghafla karibu na miamba. Mdomo uliniwasha, lakini nikisema tu, kazi sina. Nikashikilia kamba ya tanga, nikingoja amri. Binti, usukani mkononi, akaangalia miamba, akaniangalia mimi.

"Wewe Mwalimu, vuta! Unangoja nini?"

Nikavuta mpaka viganja vikachunika. Mashua ikageuka, miamba ikapita ubavuni, na akatufikisha gatini taratibu.

Tuliposhuka alikuwa analia kwa aibu.

"Ungeniheshimu pale, mwanangu," nikamwambia, "saa hizi tungekuwa tunaogelea. Na mimi kuogelea kwenyewe sijui."

Nahodha alikuwa anafunga kamba. Hakuinua hata kichwa.

"Jumatatu uje mapema, Mwalimu. Kabla wanafunzi hawajafika, nitakufundisha kuogelea."

Nilifurahi mpaka nikasahau kumwuliza kama maji yale yana mamba.