Jipu Nililolificha

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoacha kuzamia kamba wa mawe kisiwani kwetu Chula, nikahamia Kismayo kubeba magunia bandarini. Nilikuwa mrefu, mwembamba, na wiki ya kwanza gunia la sukari liliniangusha mara mbili mbele ya makuli wenzangu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa na mabega mapana, na jioni ile alinichukua hadi jimu yao, nyumba isiyo na paa ambamo vyuma vya kunyanyua vilikuwa nondo zilizochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji.

Baada ya mwezi alinionyesha kichupa cha mafuta ya manjano.

"Chakula peke yake hakitoshi," alisema. "Hii ni homoni ya kiume. Sindano mbili kwa wiki, kwenye tako. Usimwambie mtu."

Alinidunga yeye mara ya kwanza. Baadaye nikajifunza kujidunga mwenyewe, na sindano moja niliitumia mpaka ikawa butu.

Mwili ulibadilika upesi. Shingo ilinenepa, mashati yakabana, gunia lililonishinda nikalibeba huku nikizungumza. Lakini mafua yalikuwa hayaniachi. Mgongoni nilitoka majipu, moja likipona jingine linachomoza. Nilisema ni vumbi la bandarini, maana kila kuli alikuwa akikohoa.

Nilirudi Chula kwa Idi. Watu walinishika mikono, wakanigeuzageuza. Jirani yetu mmoja, mjane aliyenilea nikiwa mdogo kama mama yangu alivyonilea, alinitazama kwa muda mrefu akasema, "Huyu amekuwa dume." Mama akamwambia, "Sema mashaallah." Yule mjane alisema, lakini mama aliona amechelewa.

Siku ya tatu nilikwenda kuzamia na binamu zangu, kwa hamu tu, na mwamba ukanichuna muundi. Tangu utotoni michubuko kama ile tuliiosha kwa maji ya bahari tukaisahau. Huu uliwiva, ukapasuka, ukatoa maji. Wakati huohuo, kwenye tako la kulia, pale nilipojidunga kabla ya kusafiri, paliota kitu kigumu chenye moto. Hilo sikumwambia mtu.

Homa ilipoanza kunitetemesha, mama hakuwa na shaka. "Macho ya wachu haya," alisema kwa Kibajuni chake, akimaanisha kijicho cha yule mjane. Alikwenda kwa mwalimu akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Nilishika bakuli kwa mikono miwili nikanywa lote, huku nikijua ninachokijua. Siku hiyohiyo yule mjane alikuja kunitazama na uji. Mama alimzuia mlangoni.

"Umeshamtazama vya kutosha," alimwambia.

Nilisikia nyayo zake zikiondoka, na bado nikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata sikuweza kusimama. Binamu zangu walinilaza kwenye boti ya mashine, tukaelekea Kismayo. Kila wimbi lilipopiga chini ya boti, maumivu yalipanda mpaka kiunoni. Mama alitaka nilale chali ili mguu upate nafasi. Nilikataa. Akaniuliza mara ya pili, nikamjibu kwa ukali, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke wa Kisomali. Aliutazama muundi, akauliza, "Una kisukari?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana."

Walisafisha kidonda, wakanitundikia dripu. Siku mbili zikapita, homa iko palepale. Siku ya tatu daktari alinipima presha, akapima tena kama asiyeamini mashine, kisha akavuta kiti akakaa.

"Kidonda cha mguu kinaanza kukauka," alisema. "Wewe unazidi kuwa mbaya. Moyo wako unakwenda mbio, presha inashuka. Kuna uchafu mahali fulani mwilini mwako na mimi siuoni. Kama kuna jambo hujaniambia, nakuomba uniambie sasa."

Nilimtazama mama. Alikuwa akinipepea kwa kipande cha boksi. Daktari aliliona jicho langu, akamgeukia.

"Hooyo," alimwita, yaani mama, "tupishe kidogo."

"Nimemzaa mimi," mama alijibu kwa Kisomali. "Hana cha kunificha."

Nilisikia meno yangu yakigongana, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba ningekufa kwa kuona haya. Nikajigeuza kifudifudi, nikateremsha kikoi.

Mama aliacha kupepea.

Walinipasua mchana uleule. Harufu ya usaha sitaieleza. Homa ilishuka baada ya siku mbili, na nilipoweza kukaa nilimwuliza daktari kama ni ile homoni iliyonifanya hivi au ni sindano.

"Sindano chafu ndiyo iliyoingiza wadudu," alisema. "Lakini homoni hizo zikizidi mwilini kupita kiasi, huenda zikaidhoofisha kinga. Sisi wenyewe hatujajua yote. Mwingine humwoni na dalili, mwingine anaugua ovyo. Na kichupa cha kununua uchochoroni, nani ajuaye kilichomo? Siwezi kukuapia kipi kilifanya nini. Najua tu kwamba kijana wa umri wako asingelemewa namna hii na mchubuko wa mguu." Akaniambia nisiache kurudi kupimwa, kwa sababu mwili uliozoea homoni ya sindano huchukua muda kutengeneza yake.

Mama alisubiri mpaka daktari alipotoka.

"Nilikunywesha kombe, ukanywa."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniacha nimfukuze mwanamke wa watu mlangoni kwangu."

Alichukua kile kipande cha boksi, akaendelea kunipepea, lakini uso ameuelekeza dirishani.

Yule kuli rafiki yangu alikuja kunitembelea Ijumaa baada ya sala. Nilimwonyesha bendeji. Alisema ni bahati mbaya tu, wengi wanatumia na hawana neno. Kisha akajishika nyuma ya bega, akaniuliza kwa sauti ndogo yule daktari huwa anafika saa ngapi.

Tuliporudi Chula, mama alikwenda kwa mjane kabla hajafungua mizigo. Alinitaka niende naye, nikiwa nachechemea. Nilieleza yote nikiwa nimesimama, maana kukaa kulikuwa bado kunauma. Mjane alimwacha mama amalize kuomba radhi. "Nimesikia," alisema tu. Ilichukua miezi kabla hajakanyaga tena kwetu.

Miezi hiyo nami nilikuwa hoi. Misuli iliyeyuka, usingizi haukuja, na kulikuwa na siku nilizolia bila sababu. Nilirudi kupimwa mara tatu. Sasa nafanya kazi bandarini ya kuhesabu magunia yanayoshuka, siyo kuyabeba, na mafua yakinishika huondoka baada ya siku chache kama yanavyowaondokea watu wengine.