Bosi Aliyekuja Kunibembeleza Mwanangu Aende Ng'ambo Kusoma

Paka akija kumwombea panya ruhusa ya kutoka, wewe usimtazame panya. Mtazame paka.

Naanzia hapo makusudi, maana haya yaliyonikuta, kila niliyemsimulia aliniambia nilipaswa kushukuru.

Mimi ni fundi wa makochi. Shule tuliachana mapema, bila talaka. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba, kwa hiyo mteja akifika kazini kwangu ameshafika na nyumbani.

Asubuhi moja likasimama gari la ofisi, lile la vioo vyeusi. Akashuka mkuu wa idara ya afya ya manispaa. Bosi wa binti yangu.

Akanipa shikamoo.

Jamani! Mtu ambaye ukimsalimia hapandishi hata nyusi, leo ananiamkia mimi?

"Marahaba. Kochi limechanika?"

"Hapana, mzee wangu." Akacheka, akaketi kwenye fremu isiyo na sponji, suruali ya maana kwenye mbao tupu. "Nimekuja kwa ajili ya binti yetu."

Binti yetu. Tulizaa naye lini?

Akanieleza. Binti kapata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili nje ya nchi. Analipiwa kila kitu, sharti moja tu, akimaliza arudi kuutumikia umma. Ruhusa ya mwajiri ameshaisaini yeye mwenyewe.

"Tatizo anasitasita. Anasema ana kazi hajaimaliza. Mzee, msukume. Bahati hizi hazigongi hodi mara mbili. Akabidhi ofisi haraka, aende zake."

Jasho lilikuwa linamtiririka, na jua lilikuwa bado halijachangamka.

Nieleweni. Mimi na wakubwa tuna yetu. Mke wangu alikata roho wodini akitafuta pumzi, na mtungi wa oksijeni uko stoo, pale pale uani. Stoo imefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwa bwana mkubwa, na bwana mkubwa yuko semina. Semina ya kuboresha huduma!

Tangu siku hiyo, mtu wa ofisini akiniambia kumekucha, natoka nje kwanza nikahakikishe.

Binti aliporudi kazini nikamweka kitako.

"Huyo mtu wako anataka nini?"

"Anataka nikasome, baba."

"Si ndiye aliyekunyima ruhusa mwaka juzi? Na mwaka jana?"

"Amebadilika."

"Kinachobadilika ni shati."

Akacheka. "Baba, wewe hata jua likichomoza unauliza limetumwa na nani."

"Basi nauliza. Limetumwa na nani?"

Akainamia karai kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Nikajua kuna kitu.

Jibu nililetewa na dereva wa boza la maji, mgeni kwangu, aliyekuja kuvalishwa upya kiti cha gari lake. Sasa, mimi nikiwa kazini misumari naibana mdomoni. Na fundi mwenye misumari mdomoni, watu humdhani hana masikio pia. Wengi wamevunja ndoa zao mbele yangu kwa simu.

Huyu naye akapiga simu.

"Vumilia, kaka. Yule binti wa afya anaondoka. Akipanda ndege tu, tunarudi kuchota kule kule machimboni." Akasikiliza, akacheka. "Nani atatuzuia? Anayeshika kiti chake ni mpwa wa mwenye magari. We! Hujui mwenye magari ni bosi wa binti huyo huyo? Hilo jina lililoandikwa kwenye milango ya maboza ni la shemeji yake tu."

Msumari mmoja nusura niumeze.

Machimboni ni lile shimo walikokuwa wakichimba mawe. Limejaa maji, na mtaro wa machinjio unaishia humo humo. Maboza yalikuwa yakichota pale, yanatuuzia sisi, eti maji safi na salama. Watu waliharisha mpaka wakawa wanatembea wameshika ukuta. Binti yangu, kama afisa afya, ndiye aliyeyapiga marufuku, na alikuwa anakusanya vipimo ili jambo lifike juu.

Nikamsubiri mlangoni. Hajavua hata viatu nikammwagia yote.

Akanitazama, ametulia tuli.

"Nilijua, baba."

"Ulijua?"

"Kabla yako. Kwani unadhani amesaini kwa mapenzi?"

Nikakaa chini. Nilizoea kuwashuku wao. Kumshuku mwanangu mwenyewe nilikuwa sijawahi.

"Kwa hiyo umewauza watu ili upate tiketi ya ndege."

"Baba, niamini."

"Neno hilo wanalo wote. Mwaka wa uchaguzi wanalibandika mpaka kwenye miti."

Machozi yakamlenga, akainama kuvua viatu. Nami nikaona huo ndio ushahidi.

Akakabidhi ofisi kwa huyo mpwa. Bosi akamwandalia sherehe ya kumuaga, soda na keki, akatoa hotuba ndefu juu ya uzalendo hadi barafu ikayeyuka. Mimi nilikaa nyuma nikimhesabia uongo, nikapoteza hesabu.

Kwenye uwanja wa ndege nilimpa mwanangu mkono kama ninavyompa mteja.

Haikupita muda maboza yakarudi machimboni. Nilipopita mtaani kuwaambia watu wasinunue, jirani yangu mshonaji akanikata kauli hadharani.

"Fundi, tuache. Aliyewaachia njia si ni mwanao? Kala nchi huyo."

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kuliko stuli. Binti alipopiga simu nikawa najibu neno moja, "Tupo," nakata.

Ikafika likizo yake ya kwanza. Hakuniambia anakuja. Mshonaji yule yule ndiye aliyenijia mbio, tepu shingoni, mkasi mkononi.

"Fundi! Mwanao yuko machimboni na wageni, na gari la wizara!"

Nilikwenda na vumbi la mbao kichwani.

Nikamkuta kasimama na walimu wake wawili wa chuo, wana masanduku ya chupa. Maboza yamepanga foleni, mipira imezamishwa majini. Hakuna wa kukana. Na bosi naye kaitwa ghafla, tai imekaa upande kama kamba ya mbuzi aliyetoroka.

Mwalimu mmoja akampa bosi mkono, binti akatafsiri kwa sauti, watu wote wasikie: "Wanaishukuru sana ofisi yako kwa kuwakaribisha kuyapima maji haya."

Kumbe ufadhili ule una utaratibu wake. Hupewi kitabu ukajifungie chumbani. Unachagua shida moja inayowatesa watu wa kwenu, ndiyo unayoisomea. Walimu wako wanakuja wenyewe kuiona, na majibu yanakwenda wizarani na kusomwa mbele ya wananchi. Binti alichagua machimbo. Na bosi, kwa haraka ya kuuona mgongo wake, alisaini ruhusa pamoja na ahadi kwamba ofisi itawapokea watafiti. Hakusoma. Wakubwa wana kalamu, hawana subira.

Nikamvuta binti pembeni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba, hasira yako ina spika. Ungemtangazia kila mteja kabla hajakaa. Ndani ya ofisi ile vipimo vyangu vilikuwa vinapotea njiani kila nikivituma. Ilibidi nitoke, nirudi na watu asioweza kuwazuia."

"Na kule kusitasita?"

"Ningeonyesha nina hamu ya kwenda, angesaini?"

Nilitaka kucheka. Lakini mtu wa shaka ni mtu wa shaka.

"Na waliokunywa maji haya miezi yote hii?"

Akainamisha kichwa. "Niliwaachia wahudumu wa mtaani ujumbe, watu wachemshe. Waliosikia walichemsha."

"Na wasiosikia?"

Akaitazama mipira iliyozama majini. Kisha akasema polepole, "Hao ninao, baba. Kila siku ninao."

Hapo ndipo nilipomshika kichwa, nikamlaza begani kwangu. Mtu anayewauza wenzake hausikii uzito huo.

Majibu yalisomwa uwanjani, mbele ya watu. Maboza yakazuiwa, machimbo yakazungushiwa uzio. Mshonaji akaniletea shati jipya, hakusema la nini, nami sikuuliza.

Na bosi?

Mlidhani amefungwa? Kapandishwa cheo; maboza yana jina la shemeji yake, na ahadi ya kuwapokea watafiti ina sahihi yake. Wamempeleka makao makuu, na meza waliyompa ndiyo inayowapangia vituo vya kazi wanaorudi kutoka masomoni.

Binti akimaliza, ataripoti kwake.

Nilimpigia simu mwenyewe. "Mama, baki huko huko. Huku watakumaliza."

"Nimesaini kurudi, baba."

"Hata yeye alisaini kututumikia."

"Ndiyo. Na mimi nikifanya kama yeye, utanishuku tena. Safari hiyo utakuwa na haki."

Nikakata simu, nikabana misumari mdomoni.

Basi nyie mnaoomba ufadhili, ombeni, elimu haina ubaya. Ila mkubwa akikushikia mlango utoke, toka, lakini ujue anabaki kufanya nini nyuma yako. Na siku ya kurudi, rudini. Wao wanategemea tuchoke.