Aliyefunga nati hukaa kushoto: gari la rali la abti wangu hapa Isiolo

Wakuu, salaam aleikum, na habari kwa wale wa habari.

Mimi ni mtu wa kuuliza "kwa nini" mpaka watu wanachoka, kwa hivyo najua mtataka ushahidi. Nilio nao ni kovu kwenye kidole na gari lililo juu ya stendi nyuma ya nyumba yetu. Hayo mengine nayaandika kama yalivyotokea, hata pale yanaponiaibisha.

Gari ni la abti, yaani kaka ya mama. Familia yetu ni ya malori tangu babu, lakini moyo wa abti ulikuwa kwenye rali. Alinunua saluni kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akachomelea vyuma vya kinga ndani, akawa anashindana kwenye mashindano madogo ya barabara za vumbi.

Hakuwahi kushinda. Nalisema mapema.

Alikuwa na sheria moja: aliyefunga nati za magurudumu hukaa kiti cha kushoto, cha abiria, kwenye safari ya kwanza. Kama kazi yako ni mbovu, utakuwa ndani.

Nilikuwa nimemaliza mechanical engineering, sina kazi, nina mdomo tu. Nikamwambia hiyo sheria haina sayansi.

"Haya injinia," akasema, "leta sayansi yako. Lakini panda."

Nikapanda, mara nyingi sana. Tunatoka kuelekea Ngaremara, tunaingia njia ya vumbi, tunasimama baada ya kilomita chache, nakaza nati tena. Tunakunywa chai ya thermos tukiegemea bodi lenye joto, kisha tunarudi. Siku hizo niliziona za kawaida tu.

Sasa kosa langu.

Abti alipata magurudumu mapana zaidi. Kuyajaribu, tairi linagusa shock absorber. Ikabidi tuweke spacer, ile pete bapa ya aluminiamu inayokaa kati ya hub, kile kitovu kinachobeba gurudumu, na gurudumu lenyewe ili kulisukuma nje kidogo. Kwa wasiojua: stud, zile skrubu zinazoshika nati, lazima ziwe ndefu za kutosha, na pale vitu vinapogusana pawe safi, chuma kwa chuma.

Abti alikuwa anasugua hub kwa brashi ya waya, halafu anapitisha kidole akiwa amefumba macho. Nilimuuliza kwa nini anafumba.

"Macho yana haraka," akasema.

Basi nilisugua hub vizuri. Lakini spacer nilizipaka rangi nyeusi pande zote, kwa sababu zilipendeza. Nikafunga kwa mpangilio wa nyota, nikakaza mpaka torque wrench, ile spana inayopima mkazo, ikalia klik. Abti akarudi kutoka swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe kabisa.

"Umesugua?"

"Nimesugua."

Sikudanganya. Pia sikusema kweli.

Njiani nikamwomba tusisimame kukaza. "Abti, wrench imelia. Namba ni namba." Akaniangalia, akaendelea kuendesha. Ndiyo mara pekee aliyoniamini mimi akaacha mazoea yake, na mpaka leo inaniuma.

Usukani ukaanza kutetemeka. Akapunguza mwendo polepole, akasimama. Nati tatu za gurudumu la mbele kushoto, upande wangu, nilizizungusha kwa vidole. Rangi ilikuwa imesagika ndani, mkazo wote ukapotea. Nikavuta gurudumu kwa pupa, disc ya breki, ikiwa bado ya moto, ikanichoma kidole. Kovu ndilo hilo.

Abti hakugomba. Alichukua kisu, akakwangua rangi pale kando ya njia mpaka kanzu ikawa nyeusi.

"Wrench yako ilisema kweli," akasema. "Wewe ndiye hukusema."

Hakulitaja tena. Tukaendelea hivyo mpaka macho yake yakaanza kufifia. Glaucoma. Sasa yuko Garbatulla kwa binti yake, haoni, na hataki habari za gari. "Kipofu na rali wapi na wapi," ananiambia, anacheka, anakata simu.

Mwezi uliopita nilijaribu kulitoa gari peke yangu. Nikafunga magurudumu, nikashusha gari chini, nikafungua mlango. Nikajikuta nimekaa kushoto.

Kulia hakuna mtu. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kuuliza: sheria inasema nani akae kushoto, lakini haisemi nani aendeshe.

Nikavua magurudumu yote tena. Nikampigia.

"Abti, hub ziko wazi. Nati ziko kwenye bakuli. Mimi sifungi."

"Nani atafunga?"

"Mwenye kidole. Na akishafunga, anajua anakaa wapi."

Nikasikia mbuzi upande wake, nikadhani ameondoka.

"Spacer zina rangi?"

"Hazina."

"Nitajuaje?"

"Njoo uguse."

Akakata simu. Safari hii hakucheka.

Funzo wakuu: sugueni hub na spacer zote, msipake rangi pale zinapogusana, na mkaze tena baada ya kilomita chache. Na ukiulizwa swali, jibu lote.

Bado hajaja. Kila gari la Garbatulla likiingia mjini, natoka kuangalia.

Kuna aliyewahi kumrudisha mzee wake kwenye kitu alichokipenda? Mlimwambia nini? Andikeni hapo chini, nasoma zote. Bakuli la nati liko hapa kando yangu.