Kura ya Maharage

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma darasa la watu wazima huku Highview, Louisville, Marekani, katika chumba kilichobanana kati ya duka la simu na kinyozi. Nilitafuta cheti cha sekondari ambacho kambini Kigoma sikukipata. Wiki moja tulisoma Wagiriki wa kale. Mwalimu wetu, mama wa Kimarekani mwenye sauti ndogo, alieleza kwamba Athene ilianza na wafalme, madaraka yakaenda kwa koo kubwa, kisha kwa wenye mali, mpaka wakulima na wapiga makasia wakachoka, wakataka nao wasikilizwe. Wakawa wanakutana kilimani na kuamua mambo ya vita na sheria kwa kunyoosha mikono. Mahakamani walitumia vijiwe: kila mtu anatumbukiza chake mtungini, cha nani ni kipi hakuna ajuaye.

"Na wanawake?" nikauliza.

Hawakupiga kura. Watumwa nao hapana. Wala wageni, hata waliozaliwa palepale, wakafanya kazi na kulipa kodi. Darasa zima lilikuwa la wakimbizi. Tukatazamana, tukacheka.

"Kumbe tupo tangu zamani," nikasema.

Nilikuwa na sababu ya kusikiliza. Kanisa letu la Warundi lilikuwa limepata ukumbi mpya wa kupanga, na mwenye ukumbi alitaka tuchague: ibada ya asubuhi au ya alasiri. Mimi nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya kila Jumamosi usiku, natoka asubuhi nimechoka hoi, na zamu haibadilishwi. Ibada ikiwa asubuhi, mimi sina kanisa. Na bila kanisa, ningeongea Kirundi na nani? Watoto wenyewe walinijibu Kiingereza.

Mchungaji akaitisha mkutano Jumamosi mchana. Sisi hatunyooshi mikono. Tunapanga mistari, kama tulivyochagua viongozi kambini: unasimama nyuma ya unayemtaka, watu wote wanakuona. Mzee mmoja wa kanisa akasimamia asubuhi. Alasiri nikaisimamia mimi, maana hakuna mwingine aliyejitokeza. Mume wangu akaja nyuma yangu. Majirani wakaja. Akina mama wa kwaya, niliopika nao tangu asubuhi, wote wakaja. Mstari wetu ulikuwa mrefu, haukuhitaji hata kuhesabiwa. Nilifurahi, sitaficha.

Laiti ningenyamaza hapo. Lakini niliwaona wake wa wazee wa kanisa upande wa pili, nyuma ya waume zao, macho chini, nikawaonea huruma. Mdomo wangu huu!

"Mchungaji, naomba nafasi. Hii siyo haki, watu wanaogopana. Tupige kura ya siri, kama Wagiriki."

"Wagiriki wa kwenye Biblia?" akauliza yule mzee.

"Haohao, ila wa zamani zaidi."

Nje kulijaa theluji, vijiwe ungevitoa wapi? Nikaleta maharage kutoka jikoni, meupe ya alasiri, mekundu ya asubuhi. Kila mtu alipewa moja la kila rangi, akaingia peke yake kwenye chumba cha makoti, akatumbukiza alilotaka kwenye sufuria.

Mchungaji akayamimina kwenye sinia. Yalikuwa mekundu. Meupe yangeenea kiganjani.

Hakuna aliyeiba kura. Watu walitaka asubuhi, wapate kupumzika mchana kabla ya Jumatatu ya kiwandani. Kwenye mstari walisimama nyuma yangu kwa kunionea haya tu. Wake wa wale wazee wakaja kunishukuru kwa wazo zuri. Iliniuma sana. Nikaenda kukusanya sahani.

Ndani ya gari nilimuuliza mume wangu, "Wewe ulitia lipi?"

Akaitazama barabara. "Mama, si ulisema ni siri?"

Sikumuuliza tena, na sikulala mchana ule kabla ya zamu.

Jumapili ya kwanza kwenye ukumbi mpya nilirudi kutoka kazini nikawakuta mlangoni, yeye na watoto, wamevaa, wananukia sabuni. Akaniambia chai iko kwenye chupa.

"Lala, mama," akasema. "Tutakuombea."